Mulunda Habaki kwa Muuza Nyama

"Mulunda amekwisha," Casimir alisema. "Misimu mbili hashike mimba. Leo Guelor anakuya kumuchukua."

Casimir ni mutoto wangu wa kwanza. Guelor ni muuza nyama. Na Mulunda ni ng'ombe wetu hapa Kasungami. Maziwa yake njo ilisomesha batoto ya huyu huyu Casimir.

"Nakutegea fumbo," nikamwambia. "Niko na kibuyu. Maji ikipunguka ndani, mwenyewe anazidi kukipigia kelele. Ni nini?"

"Mama! Mimi naongea nyama, wewe mafumbo!"

"Ni mwili wa ng'ombe muzee. Docteur Godefroid, munganga wa bang'ombe, alinielezea wakati alimupima Mulunda. Mayai inabakia kidogo, basi kichwa kinatuma hormone kwa nguvu kuiita, na mara ingine mbili inaiva pamoja. Lakini hormone ya kuonyesha kama anatafuta dume, ile inapunguka. Joto yake ya kutaka dume inapita mbio, bila kulia. Sisi tulikuwa tunangojea alie kama ng'ombe kijana!"

Mbili pamoja, bandugu. Mimi mwenyewe nilizala mapasa, Kyungu na Kabange kwa mimba moja, wakati bantu walishasema nimekauka.

Na asubuhi ile, niliona ute safi, alama ya joto, unaning'inia chini ya mukia wa Mulunda. Alikuwa kimya kabisa. Nikafungua kamba, nimupeleke kwa dume.

Casimir na Guelor walikuwa wamesimama pa mulango wa parcelle, uwanja wa nyumba yetu.

"Mama, rudisha ng'ombe!"

Sikurudisha. Nikaanza kuimba nyimbo za mapasa, zile za matusi. Kwetu Baluba, mama wa mapasa akiziimba, hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika anajiitia mukosi. Nikaimba matako ya Casimir wakati alikuwa mutoto wa kutambaa. Nikaimba tumbo ya Guelor inayofika sokoni mbele yake. Wivine, jirani yetu, akatoka na sufuria mukononi, akapiga makofi, akaitikia. Guelor akacheka mupaka machozi, akasogea.

"Pita, Mama wa mapasa, pita!"

Casimir naye akatupisha. Angefanya nini?

Tukafika kwa Clément, mwenye dume.

"Mama, lakini huyu ni muzee sana!"

"Dume yako inaombaka carte d'identité?"

Dume ikanusa. Mulunda hakukimbia, hakusogea hata kidogo. Akasimama imara kama nguzo, na dume ikapanda.

Casimir akafika nyuma yetu, jasho inatiririka.

"Na kama hashike mimba, Mama?"

"Atakula majani."

"Bure tu?"

"Mimi sizalake tena tangu Kyungu na Kabange. Jana ulinipatia bukari ya unga wa mahindi na kipande kikubwa cha samaki. Ulikuwa unafikiri kumuita Guelor?"

Casimir akaangalia chini, akacheka kidogo, bila kutaka. Halafu akanyoosha mukono, akakamata kamba mwenyewe.

"Twende kwetu, Mama."

"Polepole," nikasema. "Tuko bazee wawili hapa."