Shahada ya Jua

Cephas Onyango alikuwa na digrii moja ya fizikia kutoka Makerere, suti moja, na maoni mengi. Mwaka wa pili baada ya Uhuru, akiwa mwalimu pale Migori, bahati ilimjia mara mbili kwa mpigo: nafasi mbili za kusomea digrii ya pili ng'ambo, na yeye ni mtu mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya atomu, katika mji wa Ulaya ambako, alivyosikia, hata ndevu huganda. Ya pili ilikuwa ya nguvu za jua na upepo, kule Israeli. Ijumaa alitakiwa kufika Homa Bay kumwambia afisa wa elimu anachagua ipi. Atakayoiacha ingepewa mtu mwingine.

Moyoni alitaka jua. Alikulia Sori, kando ya ziwa, akiona dagaa wa omena wakioza kila mvua iliposhinda ikinyesha, na upepo wa ziwa ukivuma bure mchana kutwa bila mtu wa kuupa kazi. Lakini kila alipotamka "atomu" mbele ya walimu wenzake, watu walimsogezea kiti. Alipotamka "jua", Mwalimu Ogeto alimuuliza, "Kujua nini?" na wote wakaangua kicheko.

Na Cephas alipenda kusogezewa kiti. Alikuwa ameshaanza hata kutembea kiatomu: polepole, mikono nyuma, kama mtu anayeogopa kulipua barabara.

Aliona afadhali amwachie mama yake uamuzi. Mama Milka alikuwa Msabato wa kweli kweli, na Cephas alijua vizuri atasema nini. Alhamisi mama alipokuja kutoka Sori kumtembelea, alimwandalia chai, akakohoa kisomi.

"Mama, kuna nafasi ya kusomea jua."

Mama akaweka kikombe chini. "Jua ile babu yako alikuwa anaamka alfajiri anaitemea mate, anaiomba imchomozee vizuri?"

"Ni hiyo hiyo, lakini..."

"Yawa! Babu yako tulimtoa kwa jua kwa taabu! Na wengine mpaka leo wanasali Jumapili, siku ambayo hata Kiingereza inaiita ya jua. Sasa wewe unataka kuichukulia shahada kabisa?"

"Ni ya kupasha maji moto, mama. Na kukausha omena."

"Omena yangu inakauka bila cheti. Hiyo ingine, atomu, ni nini?"

Cephas akafikiri. "Ni moto mkubwa unaoweza kuteketeza dunia."

"Hiyo iko kwa Biblia," mama akasema, akachukua kikombe chake. "Soma hiyo."

Cephas alikuwa amepata alichokitafuta: kisingizio, tena cha kidini. Ajabu ni kwamba hakikumfurahisha.

Ijumaa wakaenda Homa Bay pamoja, maana mama hakumwamini kumwacha peke yake na jua. Afisa, Bwana Nyamhanga, alikuwa Mkuria mnene mwenye miwani isiyokaa puani.

"Haya mwalimu, ni ipi?"

"Atomu," Cephas akasema, kwa sauti ya mbu.

"Vizuri. Ukirudi nayo, utaiweka wapi? Migori?"

Cephas akanyoosha tai yake. "Tutaanza na kidogo," akasema.

"Atomu kidogo!" Nyamhanga alicheka mpaka miwani ikaanguka mezani. "Na hii ya jua, ungeifanyia nini?"

Hapo mwalimu akajisahau. Alieleza juu ya matangi yaliyopakwa rangi nyeusi, juu ya vinu vya upepo vinavyovuta maji kutoka ziwani, juu ya masanduku ya kioo ya kukaushia omena bila kugombana na mawingu. Alichora kwa kidole juu ya meza ya serikali. Alipozinduka alikuwa amesimama, tai imehamia begani.

"Sasa mbona unachagua atomu?" afisa akauliza.

Cephas akamtazama mama yake. "Mama ana imani yake."

"Ngoja kwanza," Milka akasema. "Bwana mkubwa, huko kwa atomu, Sabato wanasoma?"

Nyamhanga akapekua makaratasi. "Jumamosi ni siku ya maabara, mama."

"Na huko kwa jua?"

"Israeli? Jumamosi hakuna kinachosogea. Hata basi zinalala."

"Israeli ni ile ya Biblia?"

"Mimi najua moja tu, mama."

Milka akamgeukia mwanawe kama aliyemkamata akiiba sukari. "Cephas! Wewe ulisema jua. Hukusema Yerusalemu!"

Basi kisingizio chake kikabadili dini mbele ya macho yake. Hakubaki na wa kumsukumia mzigo. Akiitaka atomu, sasa aiombe mwenyewe, kwa kinywa chake, na aseme ni kwa sababu ya viti.

"Mwalimu?" Nyamhanga akasema. "Nina watu nje."

"Jua," Cephas akasema. Hakuangalia nani anamsikia.

Nje, kabla basi halijaja, Milka alikuwa ameshawatangazia wauza samaki wote. Habari ilipomzunguka Cephas na kumrudia, alikuwa anakwenda Yerusalemu kuwa mchungaji.

"Ni mambo ya kupasha maji," alijaribu kueleza. Wapi!

Mama mmoja, Filister, akaacha beseni lake, akamshika mkono kwa nguvu zote. "Nyathina, mwanangu, usitusahau. Utuletee maji ya Mto Yordani."

"Nitaleta, mama," Cephas akasema. "Ya moto."