Mkono wa Kulia

Maganda ya alizeti yalimnata nyayoni tangu getini. Mjane alisimama mlangoni pa kinu, kitambaa cha msiba kingali kichwani, akiitazama mashine iliyomuua mumewe. Wafanyakazi waliiita Shangazi, kwa kuwa ilikula kutwa bila kushiba. Sasa hivi ilikuwa inakula. Hata kwa maziko haikuzimwa.

"Pole, shemeji!" Msimamizi alipaza sauti kuushinda mngurumo. "Kazi ya Mungu haina makosa."

"Nimefuata mkono."

"Ehee, bosi kakuwekea mkono wa pole." Akamsogezea dumu la mafuta kwa mguu.

"Si huo. Mkono wa mume wangu. Tumemzika pungufu. Ananijia, shemeji. Anaketi penye sahani, hana wa kulia. Ananiuliza ale kwa upi."

Msimamizi alijikuna shingo.

"Shemeji, kinachoingia kwa Shangazi hutoka njia mbili tu. Mafuta huku, mashudu kule. Mashudu yalishapakiwa. Kuku wa watu hawangoji matanga."

"Na mafuta ya siku ile?"

Macho ya msimamizi yalikwenda kwenye dumu, yakakimbilia ukutani.

"Yalichujwa," akasema. "Huchujwa siku zote."

Mumewe alipenda kumchokoza. Unajua kwa nini ikaitwa alizeti? Ni Kiarabu, maana yake mafuta. Ua zima lile, tangu changa linahangaika kulifuata jua, wao hawakuona cha kuliita ila kile wanachokikamua. Naye akamuuliza, na wewe huko kazini wanakuitaje? Mlisha kinu. Wakacheka mpaka watoto wakaamka.

"Chukua, mkono mtupu haulambwi," msimamizi alisema. "Tena nafasi yake iko wazi. Watoto hawali machozi." Akatungua ovaroli ya marehemu msumarini. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi. Upande wa kulia ulikatwa begani kwa mkasi. "Mkono utashona mwingine."

Nyumbani, kabla hajapata la kusema, mama mkwe alishafungua dumu. Watoto walikuwa hawajaonja cha kukaanga tangu msiba uanze. Walikula viazi, midomo ikiwang'aa.

"Mama, na wewe kula," alisema kitindamimba, akamnyooshea kipande.

"Nashona, mwanangu."

Kitambaa cha kushonea hakikuwepo. Alichana kiroba kitupu cha alizeti, chenye picha ya ua la manjano, akakishikiza begani pa ovaroli.

Asubuhi alipanda kibaoni, pale pale pa mumewe.

"Umependeza, shemeji," msimamizi alitania. "Haya, mlishe Shangazi, asije akatununia."

Mkono ulipwaya. Kila alipoinua ndoo na kumimina, ule wa kiroba ulining'inia juu ya kinywa cha mashine, na ua likainama, kama yanavyoinama yote yakishakomaa.