Msimamizi wa Mtoto wa Ottilia

Sixbert alirudi kijijini kwao Mapera akiwa mzima, bila hata mkwaruzo. Alikuwa amekaa mwaka na kikosi cha kimataifa cha kulinda raia katika nchi ya vita, na pale kijijini ilishavuma kwamba ameokoa watoto. Nani alizusha habari hiyo hajulikani, lakini ilipendeza, kwa hiyo hakuna aliyeihoji.

Dada yake Ottilia, aliyejifungua wakati kaka yake akiwa hukohuko, akaamua kwamba yeye ndiye atakuwa msimamizi wa ubatizo. Sixbert akakataa. Ottilia akanuna siku nzima, kisha akamfuata kwenye kichanja cha kuanikia kahawa akitaka sababu.

Basi akamwambia. Waasi walipoingia mjini, watu walikimbilia kwenye kambi ya kikosi. Wanawake walijazana langoni, wengine wakiwainua watoto juu ya ukuta wapokelewe. Kikosi kikaomba ruhusa ya kufungua. Huko ng'ambo, kwenye mikutano ya mataifa yaliyokituma, taifa moja kubwa likakubali, la pili likapinga kwa sababu tu la kwanza limekubali, na la tatu, lenye migodi yake upande wa waasi, likaomba muda wa kutafakari. Zamani mkubwa wa dunia alikuwa mmoja, naye hakuwa malaika, ila akikohoa wengine walinyamaza. Sasa wakubwa ni wengi na wanakomoana. Lango halikufunguliwa, na kulipokucha nje palikuwa kimya.

"Ulikuwa chini ya amri, kaka," Ottilia alisema. "Mungu anajua."

Kwake yakawa yamekwisha, akaenda kutafuta kitambaa cheupe. Sixbert hakuwa na nguvu ya kukataa tena. Na kusema kweli, maskini, alitamani sana apate japo mtoto mmoja wa kumshika asimwachie.

Jumapili kanisa lilifurika. Alimpakata mtoto vizuri tu, hata yeye mwenyewe akaanza kutabasamu. Padre akamgeukia, akamuuliza kama ilivyo desturi: je, yuko tayari kuwasaidia wazazi wa mtoto huyu?

Jibu ni fupi, hata watoto wa mafundisho wanalijua. Sixbert akabaki anamtazama mtoto. Katekista Raimundi, akidhani amesahau, akamnong'oneza aseme yuko tayari.

"Padre, hata kule tulikuwa tayari," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Risasi tulikuwa nazo, magari yalikuwa yamewashwa. Walikufa sisi tukiwa tayari."

Ottilia akasogea, akamchukua mtoto wake. Raimundi akajibu kwa niaba ya msimamizi, na ibada ikaendelea.

Baada ya misa Sixbert alimfuata dada yake uani amwombe radhi. Alinyoosha mkono amguse mtoto shavuni. Ottilia akageuka upesi, mtoto akawa upande wa pili, mbali na mkono ule. Alishtuka mwenyewe kwa alichofanya, akaanza kusema samahani, samahani kaka, lakini alivyosimama ndivyo alivyobaki, kampa mgongo.