Uzi wa Mwisho wa Ognyan

Ognyan Stamenov alikuwa dereva wa kreni katika bandari ya Ruse, na mikono yake ilikuwa na sifa. Aliweza kulitua furushi zima la mabati pasipo bati hata moja kulia. Alipoanza kudondosha vijiko mezani, mkewe Tsvetelina alicheka, na yeye pia akacheka. Baadaye daktari aliwaambia kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba utaanza na vidole kisha uendelee, na kwamba hauna dawa.

Nje ya kazi, Ognyan alikuwa na starehe moja, gemu iliyoitwa Ufalme wa Chumvi. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wakaidi. Adui wa kawaida tu, jitu la mifupa lenye shoka, anakumaliza kwa mapigo mawili. Ukifa unarudishwa mwanzo wa njia, na wote uliowaua wamefufuka. Hakuna pa kuchagua iwe rahisi au ngumu. Unachoweza ni kumuunda mpiganaji wako. Kila ukipanda ngazi unapewa pointi, nawe ndiye unayeamua ziingie kwenye nguvu, wepesi, uchawi au uhai. Kamwe hazitoshi kwa vyote.

Mdogo wake, Milko, fundi rangi huko Ujerumani, naye alikuwa mgonjwa wa gemu hiyo. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walipigiana simu, wakacheza huku wanatukanana.

"Bado unapigana na visu vya kumenyea viazi?" Milko aliuliza.

"Na wewe bado unabeba hilo gogo? Ukimaliza kulinyanyua, adui keshaenda zake kulala."

Milko alikuwa amemwaga pointi zote kwenye nguvu. Mpiganaji wake alivikwa chuma mwili mzima na kubeba nyundo kubwa kama mlango. Ognyan alivaa kitambaa chepesi, akashika visu viwili vifupi, pointi zote kwenye wepesi. Hakukinga pigo. Alilisubiri limfikie usoni, kisha akabingirika pembeni na kuchoma. Ndiyo njia ngumu kuliko zote, na ndiyo maana Milko alikuwa amekwisha kumuua Malkia wa Chumvi, adui wa mwisho, wakati Ognyan bado anamzunguka. Hakuwa na haraka.

Kisha kidole gumba cha kushoto kikaanza kuchelewa. Jumapili moja, ndani ya gemu, Ognyan aliuawa kwenye ngazi za kanisa, mahali alipozoea kupita huku akinywa kahawa.

"Umezeeka, kaka!" Milko alicheka hadi akakohoa. "Mwambie shemeji akununulie miwani."

Jikoni, Tsvetelina alikuwa akipanga pilipili za siki kwenye mitungi. Simu ilipokatika alikuja akasimama mlangoni.

"Mwambie mdogo wako."

"Nimwambie nini? Jumapili ndiyo siku pekee ninayotukanwa kama watu wengine. Siku nyingine zote naulizwa nimelalaje."

Hakumwambia.

Katika ufalme ule, chini ya kisima kikavu, anaketi mfumaji kipofu. Ukimpa uzi wa fedha anakufumua mwili mzima na kukufuma upya. Pointi zote zinarudi mkononi mwako, unazigawa utakavyo. Lakini nyuzi hizo ni adimu mno, na gemu hujihifadhi yenyewe, hivyo ukishafumwa hakuna kurudi nyuma. Ognyan alikuwa na nyuzi mbili tu zilizobaki. Mmoja akampa mfumaji. Akaacha visu, akachukua ngao ndefu na mkuki, akawa anasogea polepole nyuma ya ngao kama kobe.

"Ngao? Wewe?" Milko alishangaa. "Nani amekuroga?"

"Nimeoa, mdogo wangu. Mtu mwenye mke hujihadhari."

Majira ya baridi mkono wa kushoto ulilegea sana, na wa kulia ukaanza kutetemeka. Bandarini walimpa mapumziko, na kila mtu alijua ni mapumziko ya namna gani. Tsvetelina alikaa naye kwenye kochi, akawa anamwuliza mambo ya gemu ambayo zamani hayakumhusu.

"Ule uzi wa mwisho utaufanyia nini?"

"Nyuki," Ognyan alisema, na uso wake ukachangamka. "Unatia pointi zote kwenye uchawi, unaita nyuki wa majivu. Wanapigana wenyewe. Wewe unasimama mbali, unabonyeza kitufe kimoja tu, ila ujue ni wakati gani."

"Kwa kidole kimoja?"

"Kimoja kinatosha. Hata malkia anaweza kufa hivyo, nimeshapiga hesabu zangu."

"Basi utumie leo."

"Bado naweza kushika mkuki, Tsveti. Nikiutumia leo nitakuwa nimekubali."

Karibu na Pasaka Tsvetelina alichoka kuficha, akampigia Milko na kumweleza yote. Milko akapanda basi, akaja. Mezani alimwona shemeji yake akimkatia kaka yake nyama vipande vidogo vidogo, akaweka uma chini.

"Usinitazame kama picha ya marehemu," Ognyan alisema. "Kula, kondoo anapoa."

Kesho yake asubuhi Milko alikaa akimtazama akicheza. Malkia alimuua Ognyan, akamuua tena, na tena. Padi ya kuchezea ilimponyoka mara kwa mara, naye akainama kuiokota kabla hajasaidiwa. Baada ya chakula alikwenda kulala, Tsvetelina akatoka kwenda kwa mama yake, na Milko akabaki peke yake na kahawa yake mbele ya televisheni.

Akaichukua padi. Akamteremsha mpiganaji wa kaka yake hadi kisimani, akampa mfumaji ule uzi, akamwaga pointi zote kwenye nguvu. Akamvalisha chuma, akampa nyundo. Kisha akaingia ukumbi wa chumvi. Malkia alianguka mara ya kwanza tu, kahawa ikiwa bado ya moto.

"Kaka! Amka! Njoo uone!"

Ognyan alikuja akishika ukuta. Kwenye skrini kiti cha malkia kilikuwa kitupu, na mwanga mweupe ulikuwa ukishuka taratibu.

"Umemuua."

"Wewe ndiye uliyemuua! Ni mtu wako, ni jina lako hilo hapo."

"Uzi uko wapi?"

"Nimeutumia. Ngao isingekufikisha popote. Angalia nguvu ulizonazo sasa!"

"Nyundo inashikwa kwa mikono miwili, Milko." Ognyan alikaa. "Mimi nitaibeba kwa mkono gani? Uzi ule ulikuwa wa nyuki, wa kidole kimoja."

Hapo ndipo Milko alipoelewa. "Nitakutafutia uzi mwingine."

"Hakuna mwingine."

"Nilitaka ushinde tu, kaka."

"Najua," Ognyan alisema. Akaomba televisheni izimwe.

Tsvetelina aliporudi aliwakuta wamekaa kila mmoja anatazama upande wake. Alipoambiwa, aliweka mfuko wake chini. "Ungemwuliza tu, shemeji. Alikuwa chumba cha pili."

Milko alirudi Ujerumani. Jumapili zilipita bila simu. Ognyan alianza mpiganaji mpya, mtu wa fimbo asiye na kitu, na uchawi wa nyuki ulipatikana mbali mno, ng'ambo ya milima. Hakuvuka hata daraja la kwanza. Tsvetelina akajitolea kubonyeza yeye, mumewe aelekeze. "Kushoto! Kushoto, mwanamke!" Akamgeuza mpiganaji kulia, akatumbukia mtoni, na wakacheka mpaka Ognyan akapaliwa, ikabidi mkewe ampige mgongoni kwa muda mrefu. Hawakuicheza tena.

Kiangazi kilipokwisha na msimu wa kuchoma pilipili ukafika, maneno ya Ognyan yalikuwa yanatoka kwa shida. Jumapili moja simu ililia. Tsvetelina akaishika karibu na sikio la mumewe, akasikia Milko akisalimu kwa woga.

"Malkia," Ognyan alisema. "Nisimulie."

Kisha Milko akaanza. Akasema jinsi malkia alivyoshuka kutoka kwenye kiti, jinsi chumvi ilivyopaa.

"Alikuwa mgumu?"

"Mgumu sana, kaka. Aliniua hata nikapoteza hesabu. Nikataka kuacha."

Kufikia hapo Tsvetelina alijua vya kutosha kuhusu nyundo ile, akajua ni uongo. Akamtazama mumewe, akaona naye anajua.

"Endelea," Ognyan alisema. Upande wa pili Milko alikuwa akilia. "Endelea, we mtoto."

Kila Jumapili akasimuliwa vile vile, hadi alipofariki, kabla theluji haijaanguka.

Baada ya mazishi Milko alibaki jikoni, sahani ya ngano ya kuchemsha yenye sukari, chakula cha matanga, mbele yake haijaguswa.

"Shemeji, alinisamehe?"

Tsvetelina alikuwa akikunja kitambaa cha meza. "Sijui. Hakuniambia. Ila Jumapili zile aliniomba nimnyoe ndevu kabla hujapiga."

Milko akainamisha kichwa. Tsvetelina akamalizia kukunja kitambaa, akakiweka juu ya vingine.