Aliyeunga Mkono Mswada wa Kaptilol

Kwa miaka tisa niliwaambia watu kwamba baba mkwe wangu aliwakatalia wazungu. Nilisema hivyo kanisani, nikasema kazini, na zaidi ya wote nilimwambia Chepkemoi.

Chepkemoi na mimi tunafanya kazi pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee huku ughaibuni, Saint Louis Park. Hatukuwa tumejuana hata mwaka aliponieleza habari za Kaptilol, msitu ambamo watu wao waliishi na ng'ombe wao mpaka serikali ya mkoloni ilipochora mpaka upya ikawatoa. Mama yake alikuwa msichana wa miaka sita. Walitembea siku nne kwenye mvua. Mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni mwa nyanya yake Chepkemoi alifia njiani, akazikwa mahali ambapo hadi leo hakuna anayepajua.

Nami nikatafuta la kumliwaza. Nikamwambia kwamba baba ya marehemu mume wangu, Mzee Rintaugu, alikuwa mmoja wa Waafrika wachache walioteuliwa kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi, na kwamba mswada wa Kaptilol ulipoletwa alisimama peke yake akaukataa. Ndivyo nilivyoambiwa nilipoolewa.

"Kumbe kuna mtu alitusemea," akasema Chepkemoi, na machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo hakukubali tena nipande basi. Kila asubuhi ananipitia nyumbani, Brooklyn Center, kwa gari lake.

Mwaka huu kanisa letu liliamua kuwa na Jumapili ya Waliotutangulia, kila familia isimame na kueleza habari za mtu wao mmoja. Mwanangu Ken hapendi jambo nusu nusu. Akataka maneno yenyewe ya babu yake yaonyeshwe ukutani, akamtuma binti yake Stacy, ambaye yuko chuo kikuu, ayatafute katika kumbukumbu za baraza. Chepkemoi naye akaomba jambo moja tu: Ken akimaliza kusema, yeye aanzishe wimbo wa shukrani kwa niaba ya watu wa Kaptilol.

Jumatano Stacy akaja na karatasi. Mimi niliishia darasa la saba na Kiingereza cha mabaraza kinanishinda, kwa hiyo nilimwomba anisomee polepole. Mjukuu wangu ananisikia Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, basi tulikwenda hivyo, huku na huku, mpaka nikaelewa.

Kilikuwa kikao cha alasiri. Walianza kwa sala, na Stacy alipolisoma neno hilo nami nikajikuta nimesema amina. Ripoti zikawekwa mezani. Mmoja akauliza daraja fulani litatengenezwa lini, akajibiwa kwamba jambo hilo linaangaliwa. Kisha ukaja mswada wa mipaka ya misitu. Afisa aliyeuleta alisema ni marekebisho madogo ya ramani, hayatalichelewesha baraza. Akatakiwa mtu wa kuunga mkono.

Stacy akasoma kwamba Bwana Rintaugu aliunga mkono.

"Halafu akasema nini?" nikauliza.

Mzee hakusema kitu. Spika aliuliza kama kuna anayepinga, hakukuwa na mtu. Mswada ukasomwa mara ya pili, wakajigeuza kamati, wakarudi kuwa baraza, ukasomwa mara ya tatu, ukapita. Kilichofuata ni leseni za mbwa. Nilimuuliza Stacy kama huenda babu alisema siku nyingine. Alikuwa ameshatafuta miaka yote minne ya babu barazani. Jina la Mzee Rintaugu lilionekana mara tatu: siku ya kuapishwa, siku hiyo, na siku moja aliyotuma udhuru kwamba ni mgonjwa.

Kilichonikosesha usingizi ni kwamba nilijua hasa ilivyokuwa. Katika kikundi chetu cha kina mama hakuna jambo linalopita bila mmoja kulitoa na mwingine kulisekondi, yaani kuliunga mkono, hata likiwa ni rangi ya vilemba. Philister, mwenyekiti wetu, akiuliza, "Nani anasekondi?" na kimya kikaingia, macho yote huja kwangu, nami nainua mkono. Mara nyingi hata jambo lenyewe sijalisikia. Nataka tu mwenzangu asiaibike mbele ya watu, na chai isipoe. Wananitania kwamba siku ya kunifukuza nitasekondi mwenyewe.

Kwa hiyo nilimwona Mzee akilini, katika suti yake, vichwa vya wakubwa vimemgeukia kwa adabu, wakingoja. Huenda hakujua hata Kaptilol iko upande gani. Lakini kutojua kwake hakukumkinga yule mtoto na mvua.

Jioni hiyo ya Jumatano nilimpigia Ken. Stacy alikuwa ameshamwambia. Akasema tuliache hilo, tuseme tu kwamba babu aliketi katika baraza, maana hilo ni kweli.

"Ni mstari mmoja, Mama. Mstari mmoja katika miaka minne."

"Ndio uliowatoa watu."

"Unataka nimvue babu nguo mbele ya kanisa?"

Nikamkumbusha kwamba Chepkemoi atasimama kuimba, atamshukuru Mungu kwa uongo uliotoka mdomoni mwangu. Akasema basi nimwombe asiimbe, nitafute sababu yoyote. Kisha akaniaga kwa heshima, kama anavyoniaga siku zote akiwa amekasirika.

Alhamisi nilipanda gari la Chepkemoi na karatasi imo mkobani, nikashuka nayo. Niliogopa. Mjane wa umri wangu katika nchi hii hana marafiki wa kuchagua. Usiku ule nilipiga magoti, na nilipofika kwenye kuomba nisamehewe nikashindwa kuendelea, kwa sababu niliyepaswa kumwendea kwanza nilikuwa nimeketi naye kiti kwa kiti garini siku hiyo hiyo.

Ijumaa tulifika kazini mapema. Theluji chafu bado ilikuwa imerundikwa pembeni mwa maegesho. Chepkemoi alizima gari akiwa anaimba kwa kinywa kilichofumbwa.

"Mama Ian," nikamwambia, "huo wimbo usiuimbe Jumapili."

Akacheka. "Sauti yangu imeharibika kiasi hicho, Mama Ken?"

Nikamweleza. Nilitamani kumwambia pia habari za vilemba na chai, aone jinsi mtu anavyoweza kuinua mkono bila ubaya, lakini nikaona hayo ni ya kumtetea Mzee na kujitetea mwenyewe. Nikayaacha. Nikampa karatasi. Aliisoma mara mbili.

"Ilichukua muda gani?" akauliza.

"Stacy anasema haikufika nusu saa. Yote."

Akachukua simu akampigia mama yake, kwao ikiwa saa nane unusu mchana, akaiweka katikati yetu.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi nitatafsiri."

Nikasema. Chepkemoi alipoyatafsiri kwa Kikipsigis, maneno yangu yalikuwa mafupi mno. Mama yule akauliza kitu.

"Anauliza kama jina la Kibet limo humo."

"Kibet ni nani?"

"Yule mtoto."

Miaka tisa, na sikuwahi kuuliza jina lake. Nikasema halimo.

"Anasema basi liweke."

Nilitoa kalamu, nikaegemeza karatasi gotini, nikaliandika chini ya jina la baba mkwe wangu. Chepkemoi aliangalia nilivyoandika. Alipomaliza kuongea na mama yake alishuka, akaingia kazini bila kunisubiri. Jioni nilirudi kwa basi.

Jumapili familia yetu ilipoitwa, Ken hakuinuka. Nilikuwa nimemwambia nitakalofanya, naye alikuwa amesema hatanizuia na hatasimama nami. Nikaenda mbele peke yangu. Nilisoma kwa Kiswahili kama tulivyotafsiri na Stacy: sala, daraja, mswada, Bwana Rintaugu aliunga mkono, hakuna aliyepinga, leseni za mbwa. Nikawaambia kwamba nimekuwa nikiwaeleza vingine, na ulikuwa uongo ingawa sikuujua. Halafu nikalisoma jina la Kibet, na kwamba hapajulikani alipozikwa.

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji aliinamia programu yake akitafuta familia inayofuata.

Nilipogeuka kurudi kuketi nilimwona Chepkemoi nyuma kabisa, karibu na mlango, koti limefungwa hadi shingoni, funguo mkononi. Philister alikuwa akimwonyesha kiti. Alitikisa kichwa, akabaki amesimama pale pale.