Wolai Wamehamia Kusini

Ilene Rautio alijua kabla hawajatoka bandarini Conneaut, kando ya Ziwa Erie, kwamba safari ile ilikuwa kosa, na bado kamba ya boti aliifungua kwa mkono wake mwenyewe.

Daktari alikwishasema tangu Februari: akili ya mumewe Wendell inaondoka, na haitarudi. Binti yao Kristi alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na neno lake halikubadilika: "Mama, ficha ufunguo wa boti." Ilene akauficha ndani ya kopo la unga. Lakini wiki ile ya Julai Wendell alikuwa mzima. Alikumbuka jina la jirani, alikunywa dawa bila kusukumwa, na Jumatano alfajiri alisimama dirishani na kikombe chake cha kahawa akasema, "Leo samaki wetu wolai watakuwa nje kabisa. Maili kumi na nne, pale kina kinapofika futi sabini. Twende basi, mke wangu. Mara moja tu."

Katika miaka arobaini na sita ya ndoa, Wendell hakuwahi kumsihi kitu. Ilene alikwenda jikoni akatia mkono ungani.

Hakutoka kichwakichwa. Alisikiliza utabiri mara mbili: upepo mdogo, ngurumo huenda zikaja jioni. Alimpigia Gordie Palsa, aliyevua na Wendell tangu ujana wao, akamwambia wanaelekea wapi na watarudi saa ngapi, naye akasema atakuwa ziwani pia. Alijaribu redio, akatazama mafuta. Kisha akamvisha mumewe jaketi la kuokolea na kulifunga vifungo vyote vitatu.

"Unanivisha kama mtoto wa chekechea," Wendell alilalamika.

"Mtoto wa chekechea hana tumbo kama hili. Vuta pumzi."

Ziwa Erie lilikuwa limelala. Boti yao, Lempi, iliyopewa jina la mama yake Wendell, ilikata maji saa nzima kuelekea kaskazini hadi pwani ikafifia, kisha ikatoweka kabisa nyuma ya ukungu wa joto. Wendell alipunguza mwendo mahali ambapo kwa Ilene maji yalikuwa maji tu. Akainamia mashine ya kuonyesha samaki.

"Unaona mistari hii? Hao ndio wenyewe. Hawako chini, wananing'inia katikati, futi arobaini na tano. Maji ya moto yamelalia ya baridi, nao wako hapo mpakani. Chini zaidi hakuna hewa, juu zaidi wanaona joto. Ukipitisha chambo chini yao umekula hasara, maana wolai hutazama juu."

Akashusha mishipi minne yenye vyambo vya bati vya umbo la kijiko, rangi ya zambarau, akihesabu kwa midomo. Haikupita robo saa, ufito wa kuvulia wa kushoto ukapinda. Ilene alishika kimia, na wolai akatoka na jicho lake la ukungu, ubavu wa rangi ya shaba, miba ya mgongo imesimama.

"Usimshike mgongoni, atakutoboa!"

"Mimi nimewapika hawa kabla hujaota mvi, usinifundishe."

Wakacheka wote wawili. Kufika saa nne walikuwa na samaki saba kwenye barafu, na Wendell alikuwa akipiga mluzi. Ilene alijiachia. Alianza kuwaza kwamba madaktari nao ni watu, hukosea. Kwamba pengine ilikuwa uchovu tu. Alikata mkate wa iliki akampa kipande.

Wendell aliutazama mkate, kisha akamtazama yeye, kwa adabu nyingi. "Asante, mama. Mume wako yuko wapi?"

"Yuko hapa anakula mkate wangu," Ilene alisema huku akicheka. Alipoona hacheki, aliweka kisu chini.

Wakati huohuo upande wa magharibi mbingu ilikuwa imeanza kuiva. Ukingo wa wingu ulikuwa mweusi, umenyooka kama uliopigwa rula. Utabiri ulisema jioni. Wingu halikuwa limeusikia.

"Tukunje mishipi, Wendell. Turudi nyumbani."

Hilo alikubali. Alikunja mishipi yote upesi, akawasha injini kubwa, akashika usukani, kisha akaelekeza boti kaskazini. Ilene alitazama dira, akatazama tena.

"Nyumbani ni kusini."

"Dira imeharibika."

"Haijaharibika. Huko ni Kanada. Geuza, tafadhali."

"Mama, mimi nimezaliwa kwenye ziwa hili. Wewe hata sikujui." Alimsukuma mkono uliogusa usukani, si kwa nguvu, lakini alikuwa hajawahi kumsukuma maisha yao yote. Kisha akafungua vifungo vya jaketi akalitupa sakafuni. "Linanibana."

Upepo ukaja kwa mkupuo mmoja. Erie ni ziwa la kina kifupi, na mawimbi yake hayaji marefu na ya taratibu. Huja yamesimama wima, yamefuatana kama ngazi. La tatu liliruka juu ya omo likawamwagikia wote wawili. Ilene aliishika kamba nyekundu ya kuzimia injini. Akiivuta, wangesimama pale pale. Lakini boti isiyo na injini ingegeuziwa ubavu na mawimbi yale, na mumewe hakuwa na jaketi. Akaiachia, akachukua redio.

"Gordie, Gordie, hapa ni Lempi."

"Nakusikia, Ilene. Mimi niko maili nne kusini mwenu, naondoka. Nanyi ondokeni."

Aligeuka, akaifunika redio kwa kiganja. "Hanijui, Gordie. Anaelekea kaskazini. Hataki kuniachia usukani, na jaketi amelivua." Alijua kila boti iliyokuwa nje inamsikia. Hakujali.

Kisha sauti ya Gordie ikarudi, kubwa, ya mzaha. "We Wendell! Mzee mchoyo we! Uko wapi?"

Uso wa Wendell ukafunguka. Akainyakua redio. "Gordie? Niko juu ya samaki, wewe endelea kulala."

"Basi umeachwa. Wolai wamehamia kusini. Nimewapita sasa hivi, wamejaa mpaka mashine imekuwa nyekundu."

"Muongo. Tangu lini ukawaona samaki kabla yangu?"

Hapo ikaingia sauti nyingine, ya kijana ambaye Ilene hakumjua. "Ni kweli, mzee. Nami ninao hapa, futi arobaini."

Na ya mwanamke: "Sisi tuna watatu kwa mpigo. Njoo kusini, baba, wasije wakaondoka."

Boti ya nne, ya tano. Wote walikuwa wakikimbilia bandarini na mvua migongoni mwao, mishipi imekunjwa, na hakuna aliyekuwa na hata ndoana moja majini.

Wendell aliguna. Alitazama mawimbi, akangoja moja lipite, la pili lipite, na katika upenyo mdogo uliobaki akaizungusha boti bila kuingiza tone la maji. Mikono yake ilikuwa haijasahau kitu.

"Vaa jaketi, huku kuna wimbi," Gordie alisema, na Wendell akanyoosha mikono, Ilene akamvisha.

Ikawa hivyo saa nzima, ndani ya mvua. Kila mara Gordie aliwaona samaki mbele kidogo, kusini kidogo, hadi ukuta wa bandari ukajitokeza.

Gordie aliwangoja gatini, amelowa chapachapa.

"Samaki wako wapi, muongo mkubwa?" Wendell alimuuliza.

"Wameondoka sasa hivi, ndugu yangu. Umechelewa."

Wendell akamvuta kando, akashusha sauti, lakini hakujua kuishusha vya kutosha. "Huyu mama niliyekuja naye ana roho nzuri, ila ana hofu. Mtafutie mtu amrudishe kwao."

Gordie alitazama viatu vyake. Ilene aliendelea kufunga kamba, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena.

Jioni ile alimpigia Kristi, akamweleza yote bila kuficha neno. Kristi alilia, hakumlaumu. Jumamosi Gordie aliivuta Lempi akaipeleka kwenye ghala lake. Novemba Wendell alihamia nyumba ya kutunzia wagonjwa kama yeye, akaishi huko majira mawili ya baridi, na Ilene alikwenda kila siku. Siku nyingine alimuulizia mkewe. Ilene alijibu kwamba yuko njiani. Wendell alifariki mwezi Machi, barafu ya ziwani ikiwa bado haijavunjika.

Watu walidhani kinachomrudia Ilene ni yale mawimbi. Sivyo. Kilichomrudia ni asubuhi ile kabla ya saa nne, mumewe akipiga mluzi na kumwonya juu ya miba. Alikuwa naye, mzima kabisa, kwa mara ya mwisho, na Ilene muda wote ule macho yake yalikuwa kwenye fito za kuvulia, si usoni mwa mumewe.