Baba Ndiye Huanza

Alichoona kwanza Yuditha ni kizibo cha soda. Baba yake, Mzee Aminieli, alikiokota kwa mkono wa kushoto, kikamponyoka. Akakiokota tena, kikamponyoka tena, kisha akageuka kutazama migomba kana kwamba hakuwa akicheza.

Kiharusi kilikuwa kimeondoka na mkono wake wa kulia pamoja na maneno yote. Zamani, kila jioni baada ya kukata majani ya ng'ombe, walichora vyumba tisa kwenye vumbi. Baba aliweka vizibo, Yuditha punje za mahindi, na aliyepanga vitatu kwa mstari ameshinda. Wote wawili hawakuwa wasemaji. Tangu mama afariki na Yuditha aache shule darasa la tano, maongezi yao yalikuwa ndiyo hayo.

Siku aliyompelekea Denis, mtoto wa mjomba wake, mkungu wa ndizi kule Majengo mjini, alimkuta akifundisha watu kompyuta. Mwanafunzi mmoja alikuwa akibonyeza kwa kidole kimoja tu. Yuditha alisimama pale mpaka chumba kikabaki kitupu, kisha akauliza, macho sakafuni, kama mashine ile inaweza kucheza vyumba tisa.

Denis alisema inaweza, ila Yuditha ndiye atakayeiandika, kwa mkono wake mwenyewe. Kila chumba kiwe kitufe kwenye kioo.

"Kitufe hakina akili," alimwambia. "Usipokiagiza, kitakaa hapo kama picha."

Basi kila siku ya soko Yuditha aliteremka kutoka nyumbani Old Moshi, akaandika herufi mojamoja. Safari ya kwanza alibonyeza kitufe kimoja, vyote tisa vikajaa duara, alama ya vizibo vya baba, na Denis akacheka mpaka akashika meza. Akamwonyesha kosa, Yuditha akalirekebisha. Walipofika kwenye zamu, Denis aliuliza nani aanze, maana ni vizuri yeyote aweze kuanza. Yuditha akakataa. Nyumbani hata mtori, ile supu ya ndizi, hakuna aliyeugusa kabla ya baba. Akaweka vitufe vya baba kushoto na vyake yeye kulia, akaiagiza kompyuta ifunge vyake mpaka mzee awe amebonyeza.

"Wewe dada, hata kompyuta unaifundisha shikamoo?"

Yuditha akatabasamu, akaiacha hivyo hivyo.

Siku ya kliniki ya baba, Ebenezeri, jirani mwenye pikapu, alikubali kupitia Majengo, ila si kwa muda mrefu. Wakamkalisha mzee mbele ya kioo, mkono wa kushoto juu ya kile kidude wanachokiita kipanya. Mkono ukatetemeka. Mshale kwenye kioo ukakimbilia pembeni ukapotea. Yuditha aliurudisha, ukapotea tena. Alikuwa amejaribu kila kitu kwa vidole vyake mwenyewe, vizima. Hakuwahi kufikiria kwamba kabla ya kubonyeza ni lazima kufika.

Denis alinong'ona amshike mzee mkono, ambonyezee. Yuditha aliunyoosha wake, ukaishia hewani. Kumshika baba mkono na kumchezea kama mtoto, hapana, hakuweza.

Ndipo Mzee Aminieli alipoinua kidevu kuelekea kwake, kisha kuelekea kwenye kioo. Akarudia. Anza wewe.

Yuditha alibonyeza chumba cha katikati upande wake. Kimya. Akabonyeza cha pembeni, kwa nguvu. Kitufe kilikaa hapo kama picha, kikimngoja baba abonyeze kwanza.

"Ngoja nifungue, ni mistari miwili tu," Denis alisema, tayari ameinamia meza. Lakini Ebenezeri alikuwa amekwisha kupiga honi mara ya tatu, na mzee alikuwa amefumba macho. Wakambeba hadi kwenye gari.

Njia ilipoanza kupanda, Yuditha alikuwa nyuma ya pikapu, kichwa cha baba kwenye mapaja yake. Denis alikuwa ameahidi kwamba safari ijayo vitufe vyake vitakuwa wazi. Yuditha alikitazama kile kidevu cha baba, sasa kimetulia. Midomo yake mwenyewe ilifunguka kabla hajajua atasema nini.

"Baba," alisema, "nilipovifunga vitufe vyangu mpaka uanze wewe, haikuwa heshima peke yake. Naogopa kubaki peke yangu."